Tatu Juu, Tatu Chini

Miaka kumi na mmoja nimechora nyota
kando ya damu za watu wa Kadutu.
Nyota si sifa. Kwenye karatasi yetu
maana yake: hapa pana kasoro, daktari atazame.
Anayeamua ni safu ya kulia,
safu iliyofika Bukavu ikiwa tayari ndani ya mashine,
imepimwa kwa watu wa usawa wa bahari,
ambao hawajapanda ngazi za soko letu
na gunia la unga, kamba ikiwakata paji la uso.

Binamu yangu Cirhuza alipata nyota moja.
Chembe nyeupe: elfu tatu na mia moja.
Kiwanda kikamrudishia vyeti vyake.
Mama mkubwa akauza mbuzi, akanunua dawa
ya ugonjwa usio na jina wala homa,
naye akaenda kuchota mchanga Ruzizi
miaka saba, bila hata mafua.

Basi waliposema tutafute wazima wa hapa hapa,
wanaume mia na ishirini, wanawake mia na ishirini,
nilicheka. Mzima haji labo.
Mzima ana kazi.

Tukawafuata: misa ya kwanza, kijiwe cha motari,
chuo cha ualimu, wauza sambaza
ambao mikono yao iling'aa magamba
hata baada ya sabuni.
"Mnaenda kuiuza wapi?" akauliza Mama Nsimire,
jicho kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau.
"Haiuzwi, mama. Inahesabiwa."
"Na hesabu inaliwa?"
Tukampa chai ya tangawizi na mkate.
Nusu akala, nusu akaifunga kwenye kikwembe.

Fomu iliuliza: unavuta sigara? una mimba?
umelazwa mwaka huu? umeongezwa damu?
Haikuuliza alichosema mwalimu Birhashwirwa
huku akikunja mkono wa shati:
"Mimi mzima kabisa. Silali tu.
Upepo ukigonga mlango, naamka nimeshavaa viatu."
Kalamu ikaning'inia hewani.
Hapakuwa na kisanduku cha viatu.
Nikaandika: mzima.

Siku ya tisa umeme ukakatika.
Nikapanda pikipiki hadi Nguba penye jenereta,
damu ya watu thelathini nimeipakata kama mayai,
kila shimo la barabara nikilitukana kwa jina lake.

Kisha namba zikapangwa foleni,
ndogo mbele, kubwa nyuma,
na mtakwimu akaja na rula.
"Kata tatu juu, kata tatu chini.
Waliobaki ndio kawaida."
Nikamtafuta Cirhuza kwa namba aliyonitajia mwenyewe:
yumo ndani, si wa kwanza wala wa mwisho,
elfu tatu na mia mbili, hana nyota.
Nikampigia simu. Akanyamaza.
Nyuma yake koleo liliendelea kukwaruza.
"Kwa hiyo iliyokuwa mgonjwa ni karatasi?"
"Karatasi."
"Na yule mbuzi atalipwa na nani?"

Safu mpya tumeibandika ukutani kwa gundi ya plasta.
Ni yetu. Ina wekundu mwingi kuliko ile ya zamani,
maana pumzi ya mlimani ni nyembamba
na damu hujifunza kubana matumizi.
Lakini nawafikiria wale sita tuliowakata,
wazima, waliokunywa chai yetu,
wakabaki nje ya mstari kwa sababu tu
mstari sharti uwe na nje.

Mmoja namjua. Namba themanini na nane,
kwenye kichupa niliiandika kwa mkono wangu.
Leo asubuhi nimempita ngazini,
beseni la sambaza kichwani,
akimgombeza motari aliyemchafulia kikwembe,
akipanda, akigombeza, bila kusimama kuvuta pumzi.
Akija labo kesho, mashine itaniambia nichore.