Rimu Nne, Zimetumika

Nilinunua mpya siku ya tisa
baada ya tanuru kuzimwa,
kwa kiinua mgongo, sehemu yake ndogo.
Mair anasema si ndogo.
Aloi, inchi kumi na saba, nyeusi ya kung'aa,
spoku nyembamba kama vidole vya mpiga kinanda.
Miaka thelathini na moja nimemimina chuma cha watu.
Nilitaka kitu kizunguke kwa sababu nimetaka mimi.

Zile za zamani nikaziogesha, tairi na yote,
katika beseni la kufulia mapazia,
kwa sabuni ya vyombo na mswaki wangu wa mwaka jana.
Vumbi la breki likatoka jeusi, likatoka tena,
kama kikohozi cha zamu ya usiku.
Tatu zikatakata.
Ya nne ina kovu: ukingo wa barabara, Heol Caradog,
mvua ya Welisi, na mimi nikigombana na redio.
Nikaipiga picha upande wake mzuri.
Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia;
hawakusema lolote juu ya kilicho kizuri robo tatu.

Wa kwanza alipiga simu, akataka mbili tu.
Wa pili alitaka tubadilishane
kwa mashine ya kukata nyasi, mbovu kidogo.
Wa tatu alikuja Jumamosi akisukuma kigari cha mtoto,
bila mtoto.

Nerys Bevan, sare ya nyumba ya wazee,
viatu vimelowa mpaka soksi.
Gari lake liko juu ya matofali tangu Jumatatu.
Wezi walikuja na jeki yao wenyewe,
wakachukua magurudumu yote manne,
nati wakaziacha zimepangwa juu ya boneti.
"Waungwana," akasema. Hakucheka.
Alikusudia kubeba moja moja mpaka stesheni,
safari nne.

Akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba ukingoni,
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na kwenye ya nne kidole kikasimama
kama mtu aliyesikia jina lake.
"Hii hukuipiga picha."
"Niliipiga."
"Ulipiga shavu lake la pili."

Bei ilikuwa pauni mia na ishirini.
Nikasema tisini. Na yeye akasema tisini, kwa pamoja,
tukabaki hatujui nani apunguze tena.
Themanini, nikasema, na nakupeleka mwenyewe.

Zikakaa kiti cha nyuma, mikanda imefungwa,
zikibebwa na zile zilizochukua kazi yao.
Bonde zima sikusikia rimu zangu mpya.
Nilisikia za nyuma, kila kona,
zikisogeleana.

Mlangoni kwake: jeki, spana ya msalaba,
na taa mikononi mwa mwanawe Osian,
ambaye kigari kilimshinda zamani, sasa ana miguu mirefu na maswali.
Tofali la mwisho lilipotoka
gari likashuka kidogo, likashusha pumzi.
Ile yenye kovu aliitaka mbele, upande wa dereva.
"Niwe naiona," akasema, "nikumbuke kona."
Na ili waungwana wasirudi
nikamfungia zile nati zangu za kufuli,
moja kwa kila gurudumu, nikakaza mpaka mkono ukaniuma
vizuri, kama ulivyokuwa ukiniuma.

Mair hakuuliza habari za kovu. Aliuliza ngapi.
Nikaingiza mkono mfukoni kutoa themanini,
kikatoka kwanza kile kifunguo cha nati,
kidogo, kizito, meno yake kama ua.
Bila hicho hakuna wa kuzifungua rimu zile,
si mwizi, si fundi, si Nerys mwenyewe.
Nikakiweka mezani, kando ya sabuni.

"Nini hicho?"
"Kazi," nikasema.
"Kesho asubuhi nina kazi."