Asili

Vuta, jaza, sasa puliza, asema Kazungu,
puliza, puliza, usikate,
kwa sauti ya mkunga.
Natoa mpaka machozi.

Mashine haitoi jibu. Yataka asili.
Nikutie mstari gani, Bi Mwanaiki?

Mama wa mama, Mdigo wa Mtongwe.
Mumewe Mshihiri, mshona viatu, Kibokoni.
Kwa baba kuna Mbulushi wa Makadara,
na bibi mmoja ambaye kwetu hatajwi
ila "yule aliyetoka bara", na sauti hushuka.

Kazungu abonyeza mstari wa Mshihiri:
sitini na nane kwa mia. Mgonjwa, dawa iongezwe.
Abonyeza wa bibi asiyetajwa:
themanini na moja. Mzima, nenda nyumbani.
Pumzi ile ile.
Kwake hawakutarajia nyingi.

Sikatai, damu ina yake.
Kifua cha mama kilipiga mluzi, cha dadake vile vile,
na Shee wangu hulala ameketi.
Ila mbona haiulizi Chaani?
Malori yanayonguruma dirishani saa nane za usiku,
vumbi la saruji kwenye leso nilizoanika,
meza ukiipitisha ukucha waacha mfereji.

Kazungu angoja, kidole hewani.
Namwambia, yule bibi alitembea, miezi,
kutoka huko tusikokujua hadi baharini,
na mzigo kichwani usio wake.
Kifua kidogo kingemfikisha?

Afuta kidomo kwa spiriti.
Haya, asema. Tena.