Kisu Kilichobaki Shambani

Mwaka bei ya soya ilipopaa
baba aliuza ng'ombe wote kwa siku moja.
Malori sita. Akang'oa nguzo, akakunja waya,
akautundika bandani kando ya tandiko la farasi,
akasema: Zulma, kuanzia leo tunalima mpaka mlangoni.

Tulilima mpaka mlangoni.
Soya ikafuata soya, na baada ya soya, soya.
Mvua za Oktoba zilikuja na sepetu zao,
zikachota udongo wetu, zikaushusha San Salvador,
mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa.
Baba alikuwa na kipimo chake: kisu
anachokivaa mgongoni, ndani ya mshipi.
Alikichomeka ardhini, kikagota baada ya vidole viwili.
Alikifuta kwenye suruali. Hakusema kitu.
Mwaka uliofuata, kimoja na nusu.

Mimi niliyasoma madeni.
Niliyasoma usiku, kwa sauti ndogo,
kama anayefungua barua ya mtu mwingine:
mbolea ya gunia, dawa ya magugu, dizeli,
na chini kabisa ya ukurasa, sisi.

Bentancur jirani alikuwa na mitamba arobaini
na malisho yaliyobaki mizizi.
Mimi nilikuwa na hekta themanini za mabua
na hakuna mdomo wa kuyala.
Tulipatana juu ya boneti ya pikapu yake:
katika kila ndama watatu, mmoja wangu.
Nikapanda oti na klova, nikafungua lango.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Hawa walikuja na majembe yao, manne manne, miguuni.
Nikalikata konde kwa uzi wa umeme,
leo hapa, kesho pale,
wala hawakurudi kabla jani halijanifika gotini.
Waliacha nyuma yao mikate ya kijani
ikifuka mvuke juu ya sakitu,
na ndani yake mbawakawa weusi
ambao sikuwaona tangu nivae sare ya shule,
wakichimba bila mshahara.

Sisemi ilikuwa raha.
Agosti, asubuhi yenye umande, mtamba mmoja
aliruka uzi akaingia klova mbichi na njaa yake.
Alivimba ubavu wa kushoto, ukawamba kama ngoma.
Nilifika na mrija mkononi, naye alikwisha nyoosha miguu.
Bentancur alimchuna bila kunitazama.
Alisema tu: huyu naye tumegawana.
Na Baba, dirishani, alikinyonya kibuyu chake cha yerba
mpaka kikakoroma.

Mwaka wa pili nilipanda mahindi palipolala samadi.
Wa tatu, ngano; magunia ya dukani yakapungua nusu.
Si maarifa yangu. Ni zamu tu:
mdomo, kwato, mbegu, mdomo.

Asubuhi moja nikasikia waya ukikwaruza bandani.
Baba alikuwa anaukunjua.
Hakuniuliza unatakiwa wapi. Aliuburura
hadi kona ya chini, pale mvua ilipotuibia zaidi,
akasimama kati ya mabua, akachomoa kisu.
Kilizama. Akakikandamiza kwa kiganja,
kikazama mpaka mpini.
Akachuchumaa muda mrefu, mkono juu ya mpini,
kama anayempima mtoto homa.
Kisha akaanza kuhesabu ng'ombe kwa sauti,
akakosea, akaanza upya.

Jioni mbavu zilikuwa mezani, na chumvi ya mawe,
na Baba anapapasa mgongoni, mshipi mtupu.
Nikainuka, nikamwambia nakifuata.
Kiache, akasema,
akaipasua nyama kwa mikono.