Karatasi ya Mlangoni

Nnaalongo alinikabidhi ufunguo pamoja na onyo:
"Hiki chumba cha Mkorea. Viatu vua, la sivyo vigae vitakusema."
Mkorea mwenyewe aliondoka tangu Machi.
Ameacha sakafu iliyoshushwa kimo cha kiganja hapo mlangoni;
aliivunja akaijenga kwa fedha yake
ili vumbi jekundu la Bunga lijue mpaka.

Hatua nne kwa tatu. Nilizihesabu gizani, umeme ulipokatika.
Bafu halina ukuta: ukioga, choo nacho kinaoga,
na karatasi ya chooni, usipoiwahi.
Kitanda hakuna, kuna godoro la kukunja mara tatu.
Nikinyoosha mkono wa kulia nashika sufuria,
wa kushoto, dirisha.
Nikipiga chafya, nyumba nzima imepata mafua.

Friji yake nimeisugua kwa ndimu, kwa magadi, kwa majivu.
Harufu ya kabichi iliyochachuka na pilipili
imekataa kuhama.
Basi nikaingiza dagaa wangu wa Kigoma.
Siku tatu walizozana humo ndani.
Ya nne nikafungua: kimya. Wameoana.

Na maandishi yake kila mahali,
viduara, vijiti, vibanda visivyo na paa,
kwenye swichi, kwenye mita ya maji, kwenye kopo la chumvi
(nilidhani sukari, chai ikanisahihisha).
Mtu anayeishi peke yake ajiandikie "chumvi" ya nini?
Nikamwona mjinga.
Wiki ya pili nikajikuta naosha kijiko
huku nasema "kijiko", kwa sauti,
neno lisije likalala mdomoni.

Maana huku nje Kiswahili changu kinatisha watu.
Kansanga sokoni nilisema tu, "Mama, nipunguzie,"
muuza matooke akarudisha mikono kifuani:
"Wewe askari?"
Hakukosea. Lugha hii ilishamgongea mlango
usiku fulani, ikiwa na buti.
Mimi nimeletwa kuifundisha darasa la nne,
kiti, viti, kikombe, vikombe,
na sikupata namna ya kumwambia kwamba kwetu Ujiji
ndiyo tunayobembelezea watoto.
Nikalipa bei yake yote.

Karatasi moja ilinisumbua kuliko zote.
Iko mlangoni, upande wa ndani,
usawa wa macho ya mtu aliyenizidi urefu kidogo.
Mstari mmoja, kalamu nyekundu,
kingo zimelainika kwa kuguswa.
Nikaamini ni dua.
Kila asubuhi nilipotoka niliigusa,
bismillahi yangu juu ya yake.

Mwisho nikaipiga picha,
nikamwonyesha Bi. Hye-jin alipofuata ripoti ya mwanawe.
Alicheka, akafunika mdomo.
Kisha hakucheka tena.
"Inauliza," akasema. "Umefunga gesi?"

Gesi!
Miezi miwili naiombea baraka gesi.
Nilirudi na hasira ya kuibandua,
kucha ikafika kwenye gundi, ikaishia hapo.

Wapangaji wa chini hunipungia mkono, sina ubaya nao.
Olanya wa getini huniita "mwalimu", hufungua, hufunga.
Ila katika mji huu wenye vilima vyote hivi
hakuna mwingine anayeniuliza kitu ninapotoka.
"Nimefunga," namjibu.
Siku nyingine nadanganya,
nikifika ngazi ya pili roho inanisuta,
napanda tena, navua viatu, natazama.
Imefungwa.
Navaa viatu.

Mkataba wangu unaisha Desemba.
Jana nimebandika ya kwangu, juu ya bomba la jikoni:
*Hili hufungwa kwa kushoto. Usililazimishe.*
Atakayekuja sijui atatoka wapi, atasoma nini hapo.
Huenda akaigusa.