Kulabu Namba Kumi na Nne

Shule yenu ilinuka chaki na kabichi.
Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, Radko,
kabla hata ya uso wako:
chaki, kabichi, na soksi za sufu
zilizoanikwa juu ya bomba la joto.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tulitoka Nuoro, mimi na mama na baba,
ndege mbili, kisha gari la kukodi hadi Vratsa,
ambako theluji ya Machi ilibaki mabaka mabaka
kando ya kuta, nyeusi kama imepikiwa.
Mkalimani wetu, Plamen, alitufunza njiani:
hapa anayetikisa kichwa ndiye aliyekubali,
anayekiinamisha amekataa.
Baba akajizoeza kwenye kioo cha gari
mpaka akashikwa na kizunguzungu.

Mama alikuwa ameuliza kwa barua: darasani wako wangapi?
Wakamjibu, ishirini na wawili.
Akanunua pakiti ishirini na mbili za penseli za rangi,
akazifunga moja moja, usiku, mezani,
na hakuna aliyemwambia, wala mimi sikuwaza,
kwamba katika hao ishirini na wawili umo na wewe.

Mwalimu Tsvetelina akapiga makofi. Mkapanga foleni.
Na wewe ukapanga.
Wa kumi na nne, nyuma ya msichana mwenye miwani,
mbele ya kijana anayefuta kamasi kwa kiganja.
Nilimwona mama akihesabu kwa macho:
bado wanne, bado watatu, bado huyu wa miwani.
Ulipofika ukanyosha mikono yote miwili,
ukasema asante, bibi,
kama walivyosema wenzako,
na mama, aliyekuja na mihuri saba
na kitanda kilichotandikwa tangu Novemba,
akakupa penseli
kama mgeni anavyompa mtoto wa watu.
Ukarudi kukaa.
Mikono yake ilichelewa kushuka.

Kulabu za makoti zilikuwa ukutani, kila moja na picha yake.
Yako ilikuwa kalunguyeye aliyebeba tufaha mgongoni.
Mwalimu akajaribu kuibandua kwa ukucha akupe uende nayo.
Gundi ikakataa. Likatoka tufaha peke yake.
Akalitazama pale kwenye kidole,
akakushushia koti.

Kisha wakakufunga nyuzi, nyekundu na nyeupe,
kwani huo ulikuwa mwezi wa nyuzi,
kila mtoto wake, mkono uleule,
hadi sweta ikashindwa kuteremka.
Yule wa miwani hakufunga.
Alibaki dawatini akichonga penseli yake mpya,
ya bluu, akichonga tu,
maganda yakimjaa mapajani.

Langoni nilikuuliza kwa neno moja nililokariri kwenye ndege:
una huzuni?
Ukainamisha kichwa.

Kwa kwenu, hapana.
Lakini jana yake, juu ya bakuli la supu,
baba alikuwa amekufundisha ya kwetu,
na ulikuwa mwanafunzi hodari.
Sikujua ni kichwa cha wapi kilichonijibu.
Nikamtazama Plamen. Plamen akatazama viatu vyake.

Sasa unatengeneza mafriji, una kitambi kinachoanza,
unatukana kwa Kisardinia kumshinda babu.
Vratsa hukuitaja mara tano.
Zile nyuzi ziliozea mkononi, moja moja, kiangazi kile,
na kila iliyokatika uliitia kwenye pakiti ya penseli,
ambayo hukuichonga hata moja.

Jumapili mama anakuuliza kama umeshiba.
Unatikisa, unainamisha, vyote kwa mpigo,
mdomo umejaa,
naye haulizi tena ni ndiyo ya wapi.
Anakuongezea.