Mafiga Matatu

Kijana wa dukani, Haroon kwa kibandiko cha kifuani,
alinisimamisha juu ya kioo chenye taa,
akainama kuzisoma nyayo zangu
kama karani anayesoma hati ya mwenye deni.
"Hakuna tao," akasema. "Hata kidogo."

Nikacheka. Angejua.
Korogwe, nikitoka kuoga, saruji ilinishitaki:
dada zangu waliacha alama zenye kiuno,
mimi niliacha mguu mzima, kisigino hadi kidole,
na shangazi Mwanahawa akanibandika jina: Muhuri.
Muhuri, njoo. Muhuri, umepita jikoni, sukari imepungua.

Akanipangia maboksi.
Cha kwanza cha kukimbilia, soli kama sifongo la kuogea.
Nikachuchumaa nacho mbele ya kioo:
vifundo vikalalia ndani,
magoti yakaanza kupeana salamu.
Cha pili kisigino chake kimeinuliwa kwa ubao,
kamba, kisha mkanda juu ya kamba.
Nikashuka vizuri, sikatai,
mgongo wima kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.
Pauni mia moja na arobaini.
Hiyo ni zamu ya usiku na kipande cha nyingine,
kumgeuza Bwana Ollerenshaw ubavu huu, ubavu ule.
Cha tatu kina kilima katikati,
kilima cha plastiki mahali ambapo Mungu hakuweka kitu.
"Kinasaidia," akasema Haroon.
Kilinisaidia kama mgeni anayekuhamishia samani.

Adha ya kiatu aijuaye mvaaji.
Nikamshukuru, nikatoka mikono mitupu,
nikateremka. Sheffield ukiacha kupanda, unateremka;
tambarare hapa ni miguu yangu tu.

Jimu yetu iko chini ya matao ya reli, pale Wicker.
Siku treni ya mizigo inapopita
sahani za chuma hutetemeka kwenye rafu
kama vyombo kabatini wageni wakiwa mlangoni.
Matao yote hayo juu ya kichwa,
wala moja chini ya mguu.

"Vua," akasema Gaynor.
Kocha Gaynor ana miaka sitini na sita,
na kikohozi alichorithi kwa baba yake, mtu wa tanuri.
Nikasimama na soksi. Akapiga magoti,
akabonyeza kwa kidole chenye chaki:
hapa, chini ya kidole gumba,
hapa, chini ya kile cha mwisho,
hapa, kisigino.
"Kisiinuke hata kimoja."

Kwa lugha yake ilimchukua dakika tano na mikono miwili.
Kwa yangu ni neno moja: mafiga.
Nani asiyejua kwamba figa moja likicheza
uji wote ni wa majivu?

Nimechuchumaa tangu sijajua kuhesabu,
kupuliza moto, kusugua sufuria, kusubiri zamu ya bomba,
na hakuna aliyewahi kuniuliza nimevaa nini.
Tena litazame lenyewe, neno chuchumaa:
katikati yake kuna chuma.
Limekuwa likinibebesha miaka yote hii.

Kilo thelathini na tano begani.
Nikashuka. Goti la kushoto likanong'ona,
kisha likanyamaza.

Viatu? Nilivipata Jumamosi, duka la hisani,
raba za turubai, soli ngumu, nyembamba kama chapati ya jana,
pauni tatu, na ndani kwa kalamu: S. Pugh.
Nikang'oa kitambaa cha ndani, nikakitupa.
S. Pugh popote ulipo,
miguu yako ilikuwa mipana. Ahsante.

Usiku wa leo Bwana Ollerenshaw
ameteleza tena kando ya kitanda.
Nimempa shingo yangu aishike.
Gumba. Kidole cha mwisho. Kisigino.
Tumeinuka pamoja, yeye akihema, mimi nikihesabu.
Akatazama chini.
"Viatu vipya?"
"Kwangu mimi, ndiyo."