Kilo Kumi na Tano

Mizani ya uwanja wa Manda yanijua kwa jina:
kilo kumi na tano, zaidi ya hapo ulipie.
Miaka kumi na tisa nimelipima pale begi langu,
na mara ngapi achari ya mama imebaki kaunta
ikaishia kwa mchukuzi, nyumbani kwake Shela.

Usiku mmoja, kwa kuwa kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu,
nilizijumlisha safari zangu kama vocha za mtu mwingine:
mia mbili na kumi na moja.
Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu, Fafanua.
Sikuwa na maelezo.

Tangu hapo sijapanda.

Sikutangaza. Ningesema nini?
Kwamba maji ya bamvua siku hizi huingia duka la Bwanaheri
hadi gunia la pili la mchele,
na mimi nilidhani simo?
Ndege haikuningoja. Kiti changu cha dirishani
kilikaliwa siku ile ile na mtu wa kofia ya jua,
ikaruka kwa saa yake. Najua. Hata hilo nimelikagua.

Sasa nashuka gatini kabla ya adhana,
navuka Mokowe, napanda basi,
na barabara yanitajia majina, moja moja:
Hindi, Witu, Gamba, Minjila.
Witu amelala bibi, mzaa baba.
Nilimpita juu kwa juu mara mia mbili na kumi na moja
pasi na kumteremshia salamu.

Wala sisemi safari ni tamu.
Kizuizini twashushwa, vitambulisho mkononi,
askari alisoma jina langu kama mtu atafutaye kosa.
Gari la polisi mbele, gari la polisi nyuma,
na katikati kimya cha watu wanaohesabu miti.
Mgongo wangu una miaka hamsini na miwili,
hakuna tuta usilolijua.

Ila ndani ya basi hakuna mizani.
Mama hunifungia achari, mikate ya mofa,
samli ya kopo la maziwa,
na safari moja, jogoo.

Kisha ikaja Aprili, arusi ya Barke, binti wa kaka yangu.
Nikatoka Nairobi kwa treni, Mombasa nikashika basi,
na mto Tana ukatoka kitandani mwake.
Lango la Simba barabara ikazama.
Siku mbili tumekwama Garsen,
nami barazani kwa Habona, muuza mahindi ya kuchemsha,
ambaye shamba lake lilikuwa vichwa vya migomba juu ya maji.
Akauliza, bila kuniuliza mimi hasa,
"Mto huu mara hii umetumwa na nani?"
Nikanunua mahindi mawili,
kisha mengine mawili nisiyoyahitaji.
Hilo halikuwa jibu.

Saa tisa ndege ya Lamu ikapita, nyembamba kama sindano.
Habona akakinga jua kwa kiganja:
"Hao wataiwahi pilau."
Na kweli, waliiwahi.

Siku ya tatu tukavushwa kwa boti.
Nilifika sufuria zinasuguliwa.
Shekuwe akanicheka mbele ya wageni,
"Mwenda pole hajikwai, dada, ila pilau humkosa."
Barke ameshakwenda kwa mumewe.
Sikumwona akitolewa nje. Sijajisamehe,
na wanaonisifu hawapendi nikilisema hili.

Zamani, nikishuka na begi langu jepesi,
swali la kwanza la mama lilikuwa, "Warudi lini?"
Siku ile alinivuta jikoni, akafunua sahani
ya ukoko aliowaficha wageni,
akavuta kibao, akaketi tukatazamana.
"Haya. Ndiani kuna nini? Witu kumenyesha?"

Nikatafuna kwanza.
Kisha nikamwanzia na Habona.